Matundu Yaliyo Kwenye Rangi Nyekundu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Kaka yangu,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Hujambo? Wifi na watoto hawajambo? Na mgongo wako, umezoea kulala chini ya malori badala ya chini ya vyombo vya bahari? Huku tu wazima. Mimi na cherehani yangu tunasukumana. Sare za shule zimejaa mpaka kitandani, na shemeji yako analala pembeni ya sketi za watu bila kulalamika, maana akili yake yote iko kwa chombo chake, Bi Harusi.

Nakuandikia kwa sababu simu yangu hupokei tangu mlipogombana na shemeji yako. Barua hii nimempa dereva wa lori la samaki, nikamwambia asiondoke hapo gereji mpaka akuone umeifungua. Ukiichana mbele yake nitajua.

Bi Harusi yuko nchi kavu, amepandishwa kwenye magogo wiki iliyopita. Wanampaka rangi mpya kama kawaida yao, na shemeji yako anasema atamshusha bamvua la mwisho wa mwezi, maana siku nyingine maji hayafiki kwenye magogo. Mimi sina raha. Msimu uliopita nilikuwa nakwenda gatini kumpelekea chakula, na kila nikifika nakuta pampu ya ngamani, kule chini kabisa ya chombo, inafanya kazi. Chombo kimefungwa, injini imezimwa, hakuna mtu, na pampu inatapika maji. Nikimuuliza ananiambia ni maji ya kuoshea sitaha. Sitaha gani hiyo inayoogeshwa kuliko watoto?

Siku ile ulisema jambo mbele ya mabaharia kuhusu matundu ya kutolea maji sitahani. Mimi nilisikia makelele tu, maneno sikuyashika. Yeye akakwambia unamtafutia Bi Harusi magonjwa, wewe ukabeba sanduku lako la zana ukaondoka, na mpaka leo hamjaonana. Nataka uniambie ulisema nini. Na nataka uje ukiangalie chombo kabla hakijashushwa. Watu saba wanakwenda nacho, mmoja wao ni mume wangu, na mimi sina mpango wa kuwa mjane.

Usinijibu kwa msemo wa ufa na ukuta. Huku hakuna ukuta wa kujenga, kuna maji.

Mdogo wako,
Sindano


Ijumaa, tarehe 7 Machi

Mdogo wangu Sindano,

Sisi hatujambo, na wifi yako anakusalimu sana. Barua sikuichana. Dereva alikaa juu ya tairi akinikodolea macho kama askari, hata ningetaka nisingethubutu. Mgongo upo. Malori yana faida moja, hayazami.

Kuja siji, na tusilirudie hilo. Mume wako alininyang'anya spana mkononi mbele ya watu niliowafundisha kazi mimi mwenyewe. Akitaka nije, njia anaijua. Lakini wewe umeniuliza, na wewe siwezi kukunyima jibu.

Sitahani kuna matundu manne, mawili kila upande, ya kutolea maji ya mawimbi na ya kuoshea. Usiyaone yako wazi kule juu ukadhani basi. Kila tundu linashuka ndani ya chombo kwa bomba la mpira, bomba limevalishwa kwenye shingo ya shaba, na shingo hiyo ndiyo inayotoboa ubavu na kumwaga maji nje. Hazina koki ya kufungia. Waliounda chombo kile hawakuweka koki kwa sababu shingo zilikuwa juu, hewani, bahari haizifikii. Halafu mume wako akaweka injini nzito, akapanua na ghala la barafu. Chombo kikashuka. Siku hizi kikipakia, shingo mbili za nyuma zinazama, na kinachoizuia bahari isiingie ndani ni hiyo shaba peke yake. Nayo si shaba ya baharini. Zile za kwanza zilipoharibika aliweka za dukani, za mabomba ya bafuni, kwa kuwa zinang'aa. Chumvi huila shaba ile taratibu na kubakiza umbo tu. Hayo ndiyo niliyosema siku ile.

Basi fanya hivi. Kwanza simama nje, mbali kidogo, utazame matundu ya nyuma yako kwenye rangi gani, nyekundu ya sehemu inayozama au nyeupe ya juu yake. Siku Bi Harusi alipoteremka mara ya kwanza yalikuwa kwenye nyeupe, juu kabisa ya mstari. Kisha ingia ndani, nyuma ya ghala la barafu, ukwangue rangi kwenye shingo. Ikiwa ya manjano, heri. Ikiwa ya waridi, imekufa. Halafu igonge kwa nyundo ndogo, taratibu. Nzima hulia. Mfu hailii, husema tup, kama umegonga ubao. Usiigonge kwa hasira za ndoa.

Kaka yako


Jumanne, tarehe 11 Machi

Kaka,

Natumaini hamjambo, mimi sijui kama sijambo. Nimefanya ulivyosema.

Nilingoja shemeji yako aende dukani, na mabaharia wako kivulini wanashona nyavu na kudanganyana. Nikasimama nje. Matundu ya nyuma yako kwenye nyekundu, kaka. Si karibu na nyekundu, ni ndani yake, na juu yake kuna nyekundu nyingine upana wa kiganja. Nikachukua kisu nikakwangua pale kwenye mstari. Mimi ni fundi cherehani, pindo lililoshushwa nalijua hata lipigwe pasi vipi. Chini ya rangi ya mwaka huu kuna ukingo wa mwaka jana, chini yake wa mwaka juzi, na chini kabisa ule wa kwanza. Kila wakipaka, mstari wanaupandisha kidogo, ili ule ukoga wa kijani usionekane juu ya nyeupe.

Nikamuuliza yule anayepaka rangi. Akaniambia, "Mama, nyekundu inafuata maji. Maji yakipanda, nasi tunapandisha." Alisema kwa kujivunia kabisa. Hakuna hata mmoja wao aliyejiuliza maji yanapandaje kwenye chombo kilekile. Wote wameona ukoga, wote wamependa chombo kipendeze.

Ndani nikaingia na tochi. Pananuka samaki wa tangu ujana wetu. Shingo ya kulia nikaikwangua, ya manjano, nikaigonga ikalia vizuri. Ya kushoto ni ya waridi kama ulimi wa paka. Nikaigonga. Tup. Nikarudia nikitumaini nimesikia vibaya. Tup.

Niliporudi nyumbani nikamwambia. Sikumwambia kwa ukali, nilimwandalia na chai. Akaniuliza, "Nani amekufundisha kugonga shaba?" Nikamsogezea kikombe. Akasema, "Kaka yako yuko kwenye grisi ya malori na bado anataka kuniongozea chombo." Nikamwambia mstari umepanda. Akasema mstari ni rangi, rangi haizamishi mtu. Nikamwambia basi na aje aigonge mwenyewe nami nisikie. Akanyanyuka akatoka, chai akaiacha.

Tangu hapo hatusemi ila ya chumvi na ya ufunguo. Namjua mume wangu, si mpumbavu, ni mtu asiyeweza kukubali kushindwa mbele ya watu. Kaka, nakuomba. Mimi naweza kusoma barua na kugonga, lakini sijui nisichokijua. Njoo.

Mdogo wako,
Sindano


Jumamosi, tarehe 15 Machi

Kaka,

Salamu zenu zote nazipokea kabla hamjazituma, sina nafasi.

Hawangoji tena mwisho wa mwezi. Kuna vyombo viwili vimerudi vimejaa, habari imeenea, na rangi imeshakauka. Shemeji yako ameangalia maji akaona bamvua hili linatosha. Bi Harusi anashushwa kesho asubuhi, atapakia barafu na mafuta, na ataondoka bila kulala gatini. Nimekupigia tena leo, simu imelia mpaka imechoka. Lori linaondoka Jumatatu, kwa hiyo ukiisoma barua hii mambo yatakuwa yameshatokea, na sijui kwa nini naandika. Labda kwa sababu sina wa kumwambia.

Nilimuuliza mara moja tu, leo mchana, kama shingo ya kushoto ni nzima. Akasema, "Chombo ni kizima." Nikamwambia kama ni kizima basi kesho nami nakwenda. Akacheka. Akasema nichukue ndoo ya kutapikia.

Hajui kwamba sitanii. Nitapanda, nitashuka ngamani, nitakaa mbele ya shingo ile, na wakitaka kunitoa wanibebe. Akishindwa kuniogopea mimi, basi nimeolewa na mgeni. Ila kuna kitu kinanichoma hata nikiwaza hivyo. Wale mabaharia sita nao wana wake zao, na wake zao kesho watakuwa majumbani wanafua nguo.

Sare nimezikunja. Nimezipanga kwa majina juu ya cherehani, ili mtu akija azichukue asipate taabu.

Mdogo wako,
Sindano


Jumamosi, tarehe 15 Machi

Mdogo wangu Sindano,

Hujambo na pole kwa ugomvi wa nyumbani. Sisi wazima. Barua yako ya Jumanne nimeisoma mara nyingi, wifi yako naye ameisoma, na amenisema maneno ambayo sitayaandika kwa sababu karatasi ni fupi.

Ya mstari sikuyajua. Nilijua chombo kimeshuka, sikujua wanakisaidia kwa brashi. Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Ile ya kushoto imekwisha, hilo halina mjadala, asiende nayo popote. Ya kulia ikilia ni nzima, itamvusha msimu huu.

Unaniambia nije. Nakuambia ukweli, juzi nilitoa sanduku la zana chini ya kitanda, nikalitazama, nikalirudisha. Bamvua la mwisho wa mwezi bado wiki mbili. Mwache apike hasira zake siku chache, atalainika, namjua. Akinitumia neno moja tu, hata kwa mdomo wa dereva, nitapanda lori la samaki nije ninuke pamoja nao. Neno moja si kubwa. Usinione mgumu. Na mimi nina uso, na niliaibishwa.

Simu nimeona uliipiga leo, nilikuwa chini ya lori, mikono imejaa grisi. Nitakupigia wiki hii.

Kaka yako


Alhamisi, tarehe 27 Machi

Kaka,

Hujambo? Mwandiko huu si wangu, usishtuke. Mimi nasema, shemeji yako anaandika. Nimemwapisha aandike kila neno pamoja na yale yanayomchoma, na nitayasoma yote kabla bahasha haijafungwa. Kilicho kibovu ni mkono, macho ni mazima.

Watu wote saba wako hai. Nimeanza na hilo ili upumue.

Jumapili asubuhi nilipanda kama nilivyosema. Mabaharia walicheka, shemeji yako akacheka zaidi yao. Bi Harusi akateleza majini vizuri kabisa, watu wakapiga makofi. Nikashuka ngamani na tochi nikaketi mbele ya shingo ya kushoto. Kaka, ilikuwa mpya. Shaba nzito ya baharini, bomba jipya, vibanio viwili, imekazwa barabara. Shemeji yako aliibadilisha Ijumaa peke yake, asimwambie mtu, wala mimi. Aliigonga, akaisikia, akaogopa, akaibadilisha, akarudi nyumbani akaniambia chombo ni kizima. Angesema ingekuwa wewe umeshinda.

Hapa ameacha kuandika. Nimemwambia aendelee.

Nilijisikia mjinga pale chini na ndoo yangu. Nilifurahi pia, sitaficha, nilimpenda upya. Walikuwa wanamimina barafu ghalani na chombo kinashuka polepole. Nikanyanyuka nipande juu nimwombe radhi nirudi kwenye sare zangu. Nikiwa nimeshashika ngazi nikasikia kitu kimekatika nyuma yangu. Hakikuwa kishindo, ni kama mtu amevunja kijiti cha kuwashia moto. Ilikuwa shingo ya kulia. Ile ya manjano iliyolia vizuri, ile uliyosema itamvusha msimu. Bomba likaanguka na bahari ikaingia, unene wa mkono wangu.

Nilipiga kelele, lakini juu barafu inaporomoka na injini inanguruma, nani atasikia? Nikarudi nikaziba kwa kiganja. Maji yananisukuma nami nayasukuma, na shaba iliyobaki kwenye tundu ilikuwa na meno kama ganda la yai lililovunjika. Nilijua inanikata. Nikiondoa mkono yanaingia, nikiuacha inakata. Nikauacha. Maji yakanifika magotini hata hivyo, kwa sababu kiganja changu si kizibo. Niliogopa kufa, kaka, na nilikasirika mpaka nikawa nalia kwa sauti, na si kwa mume wangu peke yake.

Barafu ilipokwisha kumiminwa ndipo wakanisikia. Shemeji yako aliruka mzimamzima. Alivua shati akalisokomeza kwenye tundu, akalipigilia kwa kipande cha ubao, akanibeba begani. Chombo wakakikokota mpaka kwenye matope kikalala ubavu. Alipoona damu mkononi mwangu, na maji, na ile shingo ya kulia iko chini imekatika, aliniuliza, "Na kama ungekuwa umeshashuka chomboni?" Nilikuwa nimeshashika ngazi. Wangeondoka saa ileile. Wangekuwa mbali na nchi kavu, ghala limejaa, na pampu ile ndogo.

Daktari amesema kano za vidole viwili zilikatika, cha kati na cha pete, mkono wa kulia. Ameziunga. Anasema vitakunja kidogo au havitakunja, tungoje. Mkasi hauendi kwa kidogo. Sare amezichukua jirani, anazimalizia yeye, na pindo zake zimepinda. Nikiiona cherehani nalia. Shemeji yako akaifunika shuka nisiione, sasa nalia nikiona shuka.

Barua yako ya tarehe kumi na tano ilinifikia hospitali. Alinisomea yeye. Alipofika pale unaposema atalainika, aliikunja karatasi, akaikunjua, akasoma mpaka mwisho. Na zile simu ulizopiga baadaye mimi ndiye niliyekataa kuzipokea. Sikutaka pole ya simu.

Sasa sikilizeni wote wawili, wewe unayesoma na wewe unayeandika. Mmoja alijua shingo moja mbovu akaibadilisha kwa kujificha, kama mtu aliyeiba. Mwingine alijua dawa ya zote nne akaituma kwa lori la samaki, nami nikaenda kugonga kwa barua. Sikujua kwamba shingo inaweza kulia vizuri huku imeliwa upande uliojificha ndani ya mbao. Ningejuaje? Wewe ungeitoa uitazame, maana ndivyo ulivyokuwa ukifanya siku zote, na yeye angekubishia, nawe ungeitoa hivyohivyo. Mngekaa kwenye ngama ile asubuhi moja mkatukanana mpaka mkachoka, zingetoka zote nne, na mimi leo ningekuwa nashona. Kila mmoja wenu alikuwa analinda uso wake. Mimi nimelinda kwa mkono.

Nawapenda nyote wawili. Leo simtaki hata mmoja, lakini nawapenda. Wasalimie wifi na watoto.

Mdogo wako,
Sindano


Shemeji,

Aliyosema nimeandika yote, sikupunguza.

Shingo zote nne nimezing'oa, ziko kwenye ndoo. Za mbele nazo zilikatika kwa vidole tu. Ile mpya niliyoweka mimi nayo nimeitoa, maana sijiamini tena. Mstari nimeukwangua mpaka ule wa kwanza. Matundu yako wazi ubavuni na sitaki mtu ayazibe kabla hujayaona. Mabaharia nimewaambia kwa nini.

Naomba uje. Yeye amelala sasa, mkono ameuweka juu ya mto kama daktari alivyoagiza, na sijui nimwambie nini akiamka.

Shemeji yako